Nani Apimaye Maisha ya Mgonjwa?

Kila mwaka, tarehe 19 Juni, dunia huadhimisha Siku ya Selimundu, iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2008. Mwaka 2025 siku hiyo ilikutana na furaha nyingine kwa watu wa ziwa letu, kwani ndiyo siku lilipozinduliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu hivi juu ya maji. Walioshangilia daraja walikuwa wengi. Waliowakumbuka wagonjwa walikuwa wachache. Walakini kwa nyumba nyingi za upande wa Sengerema na Geita mambo hayo mawili ni jambo moja: mtoto aliyeshikwa na maumivu usiku, na njia ya kumpitisha Usagara hadi Bugando kabla hajazidiwa.

Lakini leo hatusemi habari za daraja. Twataka kusema habari za chombo kidogo kilichomo mfukoni mwa vijana wetu, yaani simu. Siku hizi zimetengenezwa programu za simu ambazo kwazo mgonjwa wa maradhi ya kudumu hujipima mwenyewe. Kila jioni huulizwa maumivu yake ni kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi; kama alilala; kama amemeza dawa; kama alikwenda shule au kazini; kama moyo wake ni mchangamfu au umeinama. Majibu yake huchorwa mstari upandao na kushuka kama mawimbi, na mganga aweza kuusoma. Huko Marekani watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walitengeneza programu ya namna hiyo kwa wagonjwa wa selimundu zaidi ya miaka kumi iliyopita. Kitu kinachopimwa wataalamu hukiita ubora wa maisha. Basi hapo ndipo linapozuka swali lisilo la mafundi wa simu peke yao, bali la kila mwenye dhamiri: Je, maisha ya mtu yaweza kupimwa? Na kama yaweza, nani aliye na haki ya kushika mizani?

Programu nyingi za aina hii zilibuniwa kwa ajili ya maradhi adimu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ugonjwa huitwa adimu ukiwapata watu wasiozidi watano katika kila watu 10,000, na selimundu huhesabiwa huko miongoni mwa maradhi hayo. Kwetu mambo ni mengine kabisa. Uchunguzi uliofanywa Bugando kwa sampuli za damu za watoto wa mikoa yetu ya kaskazini-magharibi, ukachapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba mtoto mmoja hivi katika kila watano alikuwa amerithi chembe moja ya ugonjwa huu, na zaidi kidogo ya mmoja katika kila mia alikuwa na ugonjwa wenyewe. Kilicho adimu Ulaya, kwetu chakaa benchi moja nasi kanisani.

Jina la ugonjwa lenyewe laeleza habari zake. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni mviringo, hujikunja kama mundu, zikakwama katika mishipa midogo, na mahali zilipokwama mwili hukosa hewa na kuuma sana, hasa ndani ya mifupa. Daktari James Herrick wa Chicago alizieleza mara ya kwanza katika vitabu vya utabibu mwaka 1910. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha sababu ya ugonjwa huu kuenea katika nchi za mbu: aliyerithi chembe kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Lakini wazazi wote wawili wakiwa nayo, katika kila mimba yapo makadirio ya mara moja kwa nne kwamba mtoto atazaliwa mgonjwa. Tena twasisitiza, wazazi wote wawili. Baba amtupiaye mke wake lawama, akasema ugonjwa huu haukutoka ukoo wake, akosa katika elimu na akosa katika haki. Naye amwendeaye mpiga ramli amtafute mchawi, amewaongezea jirani zake dhuluma bila ya kumpunguzia mtoto maumivu.

Tumwache mtaalamu sasa, tuingie nyumbani. Twaijua familia moja ya ng'ambo ya Busisi, ambayo hatutaitaja. Binti yao ana selimundu tangu utoto. Mama yake, aliyeishia darasa la saba, alikuwa na daftari la shule la kurasa arobaini na nane. Kila usiku, kabla ya sala, alimwuliza mtoto, “Leo umeshindaje, mwanangu?” kisha akaandika alama: kistari kimoja kwa siku njema, viwili kwa siku ya shida, msalaba mdogo kwa siku ya kilio. Hakuna aliyemfundisha. Baada ya miaka miwili alilipeleka daftari kliniki, na mganga akaona kwamba misalaba ilisongamana kila baada ya asubuhi za baridi na mvua, na kila baada ya homa. Wakajua wamfunike lini, wamnyweshe maji kwa wingi lini, wamkimbize lini.

Sasa binti amekua. Anakaa kwa mama yake mdogo hapa Usagara ili asome, na kaka yake amemwekea programu katika simu. Kila jioni hubonyeza namba yake, kisha huituma kwa mama, ng'ambo ya maji. Muhula mzima namba zilikuwa mbili, tatu, mbili. Mama alimshukuru Mungu. Halafu usiku mmoja mama mdogo aliamka, akamkuta mtoto ameketi kitandani, ameuma pindo la kanga, machozi yanamtoka pasipo sauti. Akaitazama simu: jioni ile alikuwa amebonyeza mbili. Alipoulizwa alijibu, “Mama mdogo, nikibonyeza saba, nyumbani watauza mbuzi mwingine.”

Wasomaji wetu, jibu hilo limetusumbua siku nyingi, na makala haya yametoka humo.

Kwanza tuseme wema wa kitu hiki, kwa kuwa wema wake ni wa kweli. Wazee wetu walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maumivu hayaonekani kwa macho wala hayasikiki kwa chombo cha mganga. Mfupa uliovunjika waonekana katika picha, homa yaonekana katika kipimajoto. Lakini maumivu yana shahidi mmoja tu, naye ni yule anayeumwa. Ni mara ngapi shahidi huyo amekataliwa? Mwalimu amesema mtoto huyu ni mvivu. Shangazi amesema anadeka. Mhudumu wa afya amesema, jana hukuwa unacheka? Chombo kinachomwuliza mgonjwa mwenyewe, kikayaandika maneno yake bila kubishana naye, chamrudishia heshima ambayo wengi wetu tulimnyima.

Na katika hilo hakuna kitu kigeni kwa imani yetu. Bwana wetu Yesu Kristu, alipomkuta kipofu Bartimayo kando ya njia ya Yeriko, alimwuliza anataka afanyiwe nini. Kila mtu aliona kwamba ni kipofu. Bwana mwenyewe alijua. Walakini aliuliza, na akangoja jibu. Vilevile Papa Pio wa XII, alipowahutubia waganga tarehe 24 Februari 1957, alifundisha kwamba Mkristu halazimiki kuyataka maumivu kwa ajili ya maumivu yenyewe, na kwamba ni halali kuyatuliza kwa dawa. Kwa hiyo mtu asimwambie mgonjwa anyamaze kwa kuwa kunyamaza ni utakatifu. Mficha maradhi, kifo humuumbua; na sisi tunaomfundisha kuyaficha tutakuwa na hesabu ya kutoa.

Pili, tuseme mipaka yake. Wanafalsafa tangu zamani za Aristotle walitenganisha kiasi cha kitu na sifa ya kitu: urefu wa ngoma ni jambo moja, mlio wake ni jambo jingine. Anayepima ubora kwa namba anataka kukifanya hiki kuwa kile. Si kosa, ikiwa akumbuka anachofanya. Liko dodoso moja linalotumika nchi nyingi, lililotungwa na wataalamu wa Ulaya waliokutana tangu mwaka 1987. Lauliza mambo matano: kama waweza kutembea, kama waweza kujihudumia, kama waweza kufanya shughuli zako za kila siku, kama una maumivu, kama una wasiwasi au huzuni. Maswali mema. Lakini tazameni: yote matano yamwuliza mtu habari zake yeye peke yake. Haliulizi, Leo nani alikuja kukuona? Haliulizi, Kuna mtu aliyekuhitaji leo? Bibi asiyeweza kujiinua kitandani, lakini ambaye wajukuu watano wasali rozari kwa kuongozwa naye kila jioni, atapata namba ndogo. Kijana mwenye afya ambaye hakuna amjuaye jina mtaani atapata namba kubwa. Nani kati yao ana maisha bora? Dodoso halikusema uongo. Liliulizwa kidogo tu.

Tena iko hatari iliyo kubwa kuliko hiyo. Katika nchi zenye bima na hesabu nyingi, namba za namna hii huzidishwa kwa miaka ya kuishi ili kujua kama dawa fulani yafaa kwa fedha zinazotolewa. Uingereza chombo chao kiitwacho NICE, kilichoundwa mwaka 1999, hufanya hivyo. Hatuwalaumu kwa upesi, maana fedha za umma hazitoshi mahali popote, na kugawa bila hesabu ni kuwapa wenye sauti na kuwanyima wasio na sauti. Lakini kati ya kusema “hali ya huyu ni mbaya” na kusema “maisha ya huyu yana thamani ndogo” kuna bonde ambalo hakuna hesabu inayoweza kulivuka. Hali ya maisha yaweza kupimwa, na mpimaji wa kwanza ni mgonjwa mwenyewe. Thamani ya maisha haipimwi na yeyote, hata na mgonjwa mwenyewe saa ile anapokata tamaa, kwa kuwa si yeye aliyejipa uhai. Mizani ya kwanza tumeruhusiwa kuishika. Ya pili imo mikononi mwa Mungu.

Wako watakaotuambia: Je, si vibaya mtu kujitazama hivyo kila siku? Hatageuka kuwa mfungwa wa maradhi yake? Hoja hii ina uzito, na Kanisa linayo mazoea ya kuijibu. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilichopigwa chapa mwaka 1548, alifundisha mtu achore mistari ya siku za juma, atie nukta kwa kila mara alipoanguka katika kosa analopigana nalo, kisha alinganishe siku na siku, juma na juma. Kwa hiyo kujipima kwa alama si uzushi wa simu. Lakini waongozi wa roho walijua vilevile ugonjwa uitwao wasiwasi wa dhamiri, wa yule ajichunguzaye asubuhi na jioni hata asione tena uso wa Mungu ila madoa yake mwenyewe. Dawa waliyompa ni ipi? Hawakumwambia asijichunguze kabisa. Walimwambia aende kwa mwenzake, amfungulie, amsikilize, kisha apumzike. Uchunguzi usioishia kwa mtu wa kusikiliza humla anayejichunguza. Hivyo ndivyo ilivyo kwa dhamiri, na twaamini ndivyo ilivyo kwa mwili.

Hapa ndipo twarudi kwa binti yetu na mbuzi wake. Kwa nini daftari la mama lilisema kweli, na simu ikasema uongo? Si kwa sababu daftari ni la kizamani na simu ni ya kisasa. Mama aliandika baada ya kumtazama mtoto usoni, akamshika kipaji cha uso, akasikia jinsi anavyopumua. Daftari lilikuwa masalio ya mazungumzo. Simu ilileta namba bila uso. Tena binti hakudanganya kwa hila, bali kwa upendo: alijua bei ya namba saba, nayo ilikuwa mbuzi. Maskini hulipia hata ukweli. Basi na wajue wote watengenezao programu hizi, na wote watakaozileta kwetu, kwamba namba ya mgonjwa itakuwa ya kweli kwa kadiri tu kweli hiyo isivyoiangamiza nyumba yake. Ukitaka mtoto aseme saba, hakikisha kwanza kwamba saba haitauza mbuzi.

Injili yatusimulia habari za mtu aliyekuwa hawezi kwa miaka 38 kando ya birika la Bethzatha. Hakukosa kujua hali yake. Aliijua kuliko waganga wote wa Yerusalemu. Hakuwa mbali na dawa. Maji yalikuwa mbele yake. Alimweleza Bwana alichokosa: hakuwa na mtu wa kumtia majini. Hilo ndilo neno la kuandika juu ya kila programu ya simu. Yaweza kumsaidia mgonjwa kujua, yaweza kumsaidia mganga kuona. Haiwezi kuwa mtu. Sisi mapadre twalijua hili kwa kazi yetu: hakuna awezaye kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu kwa njia ya simu. Lazima uvuke maji, uingie, uinamishe kichwa mlangoni, uweke mkono.

Basi yatupasa nini?

Wazazi, msiitupe simu, wala msiifanye kuwa yaya. Mtoto akituma namba, mpigieni mumsikie sauti. Msimwambie kamwe, hata kwa uchovu, kwamba ugonjwa wake umewala mali. Anasikia, naye atatunza siri hiyo katika mifupa yake.

Walimu, mtoto aletaye kumbukumbu ya siku zake mbaya hakuleta udhuru, ameleta ushuhuda. Mruhusuni anywe maji darasani, msimsimamishe kwenye baridi ya asubuhi.

Vijana mnaotazamia ndoa, pimeni damu mapema, mkajue kabla ya kupendana sana, wala mkishajua msidharauliane.

Wenye programu na wenye hospitali, yaandikeni maswali kwa Kiswahili ambacho mama wa darasa la saba atakielewa. Tena zitunzeni siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa nchini mwaka 2022 na kuanza kutumika mwaka 2023. Lakini kabla ya sheria hiyo dhamiri ilikuwapo. Aliyekuambia ugonjwa wake amekukabidhi sehemu ya mwili wake. Na yeyote anayemwomba mgonjwa namba yake kila jioni na aweke mtu wa kuisoma kila asubuhi. Kumwuliza mtu kama anaumia, kisha kutomjibu, ni ukatili mpya ambao mababu zetu hawakuujua.

Wenye mamlaka, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Twaomba itimizwe mpaka imfikie mama wa ng'ambo ya Busisi, asilazimike kuchagua kati ya zizi na mtoto.

Na ninyi jumuiya ndogondogo, kwenu tunalo neno la mwisho. Jumuiya ya mama mdogo yule, iliposikia habari, haikufanya mambo makubwa. Waliweka kikopo cha nauli. Kila Jumamosi baada ya sala kila nyumba hutia kidogo ilicho nacho, na wanawake wawili wamepangwa kumwona binti siku ambazo namba imepanda. Ugonjwa haukuondoka. Dawa zipo za kuupunguza makali, lakini msalaba huu ataubeba bado.

Juma lililopita alibonyeza sita. Mama yake alipoiona alilia, kisha akafurahi, maana alijua ni sita kweli. Akavuka daraja asubuhi yake, na mbuzi akabaki zizini.